Mipira Miwili Nyuma ya Kilima

Tangu tuanze likizo, wifi yangu hakuniacha peke yangu na Mpima hata kwa muda wa kumaliza glasi ya maji. Mezani alikaa katikati yetu. Kwenye gari la hoteli alikaa katikati yetu, mkoba mapajani, kiwiko mbavuni mwangu. Asubuhi moja nilitoka barazani kutazama bahari, na Mpima naye akatokea na kikombe chake cha kahawa. Kabla hatujamaliza kusalimiana, mlango ulisukumwa na wifi akaja amejitanda shali, akidai usingizi umemkataa. Wifi yangu huyu, ambaye mumewe humwamsha kwa kumvuta miguu!

Sikumshangaa sana. Ni muuguzi mkuu wa wodi, na maisha yake yote ya kazi ameyatumia kuwazuia watu wasishuke vitandani. Kila mtu anamwita Sista, hata mumewe. Mumewe huyo ni mwalimu wa udereva, mtu mtaratibu, tunamwita Breki kwa sababu ya ile pedali iliyo upande wake wa gari, ambayo bila hiyo wanafunzi wangeshamzika zamani. Mpima ni mpima ardhi, rafiki wa mume wangu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Mume wangu, mdogo wake Sista, alikuwa seremala.

Alikuwa. Kulisema neno hilo nimezoea, kulisikia bado.

Mume wangu, Sista, Breki na Mpima walikuwa wakija sehemu hizi kucheza gofu kila mwaka, tangu kabla mimi sijaolewa. Ni sehemu ambayo ukitaka bahari unayo na ukitaka mashamba unayo. Viwanja vingine viko pale pale ufukweni, upepo unakurushia chumvi usoni; vingine viko bara kidogo, katikati ya malisho na kuta fupi za mawe, ng'ombe wakikutazama unapokosea. Leo wanacheza hiki, kesho kile, na jioni wanarudi hotelini kubishana juu ya mpira uliogonga mti. Mimi nilikuwa nakuja na kitambaa changu cha kudarizi, nakaa barazani, nawacheka watu wazima wanaotembea asubuhi nzima kuufuata mpira walioupiga wenyewe.

Mume wangu alipofariki walibaki watatu. Mwaka uliofuata walikuja hivyo hivyo, watatu, wakarudi nyumbani wamenuna. Sista akaniita. "Wifi, utajifunza," akasema. Nikamwambia sijawahi kushika fimbo ya gofu zaidi ya kuifuta vumbi. Akasema kushika mkasi ni kazi ngumu zaidi. Halafu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akamwomba Mpima awe ananifundisha kila Jumamosi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Aliyetukutanisha ni yeye.

Sitaki kueleza kirefu Jumamosi zile. Mtu anakusimamia nyuma, anakuambia legeza mabega, unalegeza mabega, na baada ya miezi unagundua kuna kitu kingine kimelegea ambacho hukuambiwa. Mpima hakuwahi kunigusa mkono pasipo sababu. Lakini kabla ya safari hii aliniambia mambo mawili kwa mpigo: kwamba amepewa ofisi mpya ya kufungua, mbali, na anaanza mara tu likizo ikiisha, na kwamba anataka kunioa. "Nipe jibu kabla hatujarudi," alisema. "Ukisema hapana nitakwenda, na sitakusumbua tena na swali hilo." Namjua. Asingenisumbua tena.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa mdomoni kama pipi. Ila Mpima, kwa ule unyoofu wake, aliona si vizuri Sista asikie kwa watu wengine, kwa hiyo jioni ya kwanza ya likizo akamwambia mezani, mbele ya supu. Sista aliweka kijiko chini. Hakumjibu yeye, alinijibu mimi.

"Siku utakayoolewa na huyu, mimi na wewe basi."

Mtu mwingine angeona ni maneno ya hasira, angepuuza. Mimi sina wazazi. Sina dada wala kaka, na mume wangu hakuniachia mtoto. Alipougua, Sista ndiye aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda chake, zamu yake ikiisha anaanza zamu yetu. Alipofariki, Sista ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko. Ukiniuliza ndugu zangu ni akina nani, nitakuonyesha mtu mmoja. Basi siku zikaenda, jibu likabaki mdomoni, na Mpima hakuuliza.

Siku ya mwisho tulicheza kiwanja cha mashambani. Tulianza nyuma ya watu wote, na mbele yetu walishatokomea. Kulikuwa na ukungu mwembamba ukaondoka, jua likatoka bila ukali. Mimi nilikuwa na shida yangu ndogo: mipira yangu yote niliizamisha jana yake kwenye bwawa, mmoja baada ya mwingine, Breki akiihesabu kwa sauti. Asubuhi hiyo nilipekua mfuko wa chini kabisa wa begi, ambalo lilikuwa la mume wangu, nikakuta mipira yake iliyobaki. Kila mmoja ulikuwa na alama yake ya kalamu nyekundu, kigoda cha mistari mitatu, mmoja wa kukalia na miwili ya miguu. Niliushika mmoja kitambo. Kisha nikautia mfukoni mwa sketi, maana mpira ni wa kupigwa.

Sasa, wachezaji wa gofu wana desturi moja. Kabla ya kupiga mpira wa kwanza, kila mtu huwatajia wenzake mpira wake una alama gani, ili mbele ya safari wasije wakachanganyana. Watu wote huifanya. Sisi hatukuifanya, na toka nianze kucheza nao sikuwahi kusikia wakiifanya. Nilidhani ni kwa vile wamezoeana.

Kuna shimo moja pale ambalo ili ulifikie lazima uupige mpira juu ya kilima bila kuona utakakoangukia. Juu ya kilima wamesimamisha mti mweupe, unaulenga huo, mengine unamwachia Mungu. Sista akapiga, ukaenda kulia. Breki akapiga, ukaenda kushoto kwa upole kama mwenyewe. Mpima akapiga, ukapita sawasawa juu ya mti mweupe. Mimi nikalegeza mabega, nikapiga, na sijui nini kilitokea, ukapita pale pale.

"Ala!" akasema Breki. "Shemeji leo umekula nini?"

Tulipovuka kilima, bahari ilionekana yote kwa mkupuo, chini kabisa baada ya malisho. Mipira ya Sista na Breki ilikuwa huko na huko. Mipira miwili mingine ilikuwa imelala kwenye nyasi, karibu karibu, kama watu wanaonong'ona. Mpima aliinama juu ya mmoja, mimi juu ya mwingine.

"Huu wangu," akasema Mpima.

"Na huu wangu," nikasema.

Breki, ambaye hupenda kuhakikisha kila kitu, akauliza, "Una alama gani, shemeji?"

"Kigoda," nikasema. "Leo nimechukua ya marehemu."

Mpima aliinua kichwa taratibu. Alitazama mpira uliokuwa miguuni pake, akatazama wa kwangu.

"Wewe wako una nini?" Breki akamuuliza. "Si pembetatu?"

Sista akamsogelea Mpima, akainama, mikono kiunoni, akatazama mpira wa kwanza, akatazama wa pili. Mipira ya aina moja, kwa maana Mpima na mume wangu waliinunua boksi moja wakagawana. Mistari mitatu hapa. Mistari mitatu pale. Wekundu ule ule.

"Hiki ni kigoda cha mdogo wangu," Sista akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Umekichora wewe."

"Nimekichora mimi."

"Toka lini?"

"Mwaka jana."

Sista alinyooka. Nimemwona akipambana na wagonjwa, ndugu wa wagonjwa na madaktari, lakini sauti aliyoitoa hapo ilikuwa ndogo kuliko zote.

"Hukutosheka," akasema. "Kumbe ulianzia kwenye mipira. Umevaa alama yake, umekamata begi lake umfundishie mkewe, sasa unamtaka na mke mwenyewe. Kilichobaki ni viatu. Vipo kabatini kwangu, nikuletee?"

"Sista!" Breki akasema.

"Usinibreki!"

Ng'ombe mmoja upande wa pili wa ukuta alikuwa anatafuna, hana habari. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Mpima, nikisubiri ajitetee. Hakujitetea. Aliuliza kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nacheka.

"Sasa upi ni upi?"

Hakuna aliyejua. Mimi nilidhani wa kwangu ni ule wa kulia kwa sababu nilitokea kulia. Yeye alidhani vivyo hivyo upande wake. Na hapo ndipo Sista alipokumbuka kwamba yeye ndiye mkuu wa sheria wa kundi letu, mtu ambaye hajawahi kumsamehe mtu mpigo mmoja toka aanze kucheza.

"Mpira ambao mwenyewe hawezi kuutambua umepotea," akasema, akijifuta macho kwa mgongo wa mkono kwa hasira. "Yote miwili imepotea. Rudini mlikopigia, mkapige upya."

"Wote wawili?" nikauliza.

"Wote wawili! Kwani sheria inasemaje?"

Tulikuwa tumeshateremka hatua kadhaa upande wa pili wa kilima niliposikia kimya kimebadilika kule nyuma. Niligeuka. Sista alikuwa amesimama karibu na mti mweupe, mdomo wazi. Amegundua alichofanya. Lakini sheria alishaitamka, na mwanamke yule angekunywa sumu kuliko kuitangua.

Tukashuka njia nzima ya nyasi, mimi na Mpima, kwa mara ya kwanza tuko peke yetu toka tuje. Viatu vyetu vilikuwa vimelowa umande.

"Ulichora kwa nini?" nikamuuliza.

Alifikiri. Mpima hajibu kabla ya kupima.

"Mwaka jana tulipokuja, siku ya kwanza, tulisimama kutaja alama. Sista akasema msalaba. Breki akasema gurudumu. Mimi nikasema pembetatu. Halafu tukangoja. Tulingoja, unaelewa? Tumezoea wanne. Tukangoja mtu wa nne aseme kigoda, na yeye hayupo. Sista akaondoka, akalia nyuma ya kibanda. Toka siku ile hatujataja tena."

"Sikujua."

"Jioni nikachukua kalamu nikafuta pembetatu, nikachora kile. Sikuona sawa uwanja mzima usiwe na kigoda hata kimoja. Basi. Hakuna zaidi."

"Wakati huo ulikuwa unanipenda?"

"Wakati huo ulikuwa shemeji yangu."

"Si ndicho nilichouliza."

"Hapana," akasema. "Nilikupenda ile Jumamosi uliyokosa mpira mara nyingi sana, ukaweka fimbo chini, ukaanza kuugombeza. Ukauambia huna adabu, umelelewa wapi. Nikarudi nyumbani nikicheka njia nzima, nikaingia ndani, nikaona nyumba ilivyo kimya."

Nilitazama mbele. Kama ningemtazama yeye, ningelia, na nilikuwa bado na mpira wa kupiga.

"Alikuambia chochote kuhusu mimi?" nikauliza. "Pale hospitali. Mwishoni."

Ninajua nilichokuwa nakitaka. Nilitaka aseme ndiyo.

"Aliniambia nirudishe randa ya jirani yake, ile ya kulainishia mbao," akasema Mpima. "Aliazima, ilimsumbua sana. Nikairudisha."

Nikacheka, machozi nayo yakaja hapo hapo. Huyo ndiye mume wangu kabisa. Dunia inamtoka na yeye anawaza randa ya watu.

"Umeona siku hizi huniiti kitu?" nikamuuliza. "Zamani ulikuwa kila sentensi 'shemeji, shemeji.' Sasa unaniambia 'samahani' kama mtu wa barabarani."

"Shemeji imenikwama kooni. Nyingine sijapewa."

"Nina jina."

Tulikuwa tumefika mahali pa kuanzia. Aliweka begi chini, akasimama kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa, akaniita jina langu. Mara moja tu, polepole, kila herufi mahali pake. Watu wananiita Fundi, wananiita Wifi, wananiita Shemeji. Nilikuwa nimeanza kusahau linavyosikika.

Tukapiga. Wa kwake ulivuka, wa kwangu ukaishia ubavuni mwa kilima. Sikujali.

Tulipokuwa tunapanda tena, tulimwona Breki anateremka kutulaki, anapunga mkono, amejaa siri.

"Sikilizeni," akasema akihema. "Sista analia. Ananiambia anaona kigiza mbele yake. Sasa mimi nimefikiri. Mpima, wewe mwambie marehemu alikuachia neno. Kwamba alikuita, akakuambia, 'Rafiki yangu, nikiondoka usimwache mke wangu.' Basi! Neno moja tu. Nani atamuuliza marehemu? Sista akisikia limetoka kwa mdogo wake, kwisha kazi, kesho anashona gauni la harusi."

"Hakusema hivyo," Mpima akasema.

"Najua hakusema! Ndiyo maana nakuambia useme wewe."

"Siwezi, Breki."

Breki akanigeukia kwa macho ya kuomba msaada. Na mimi, nasema kweli, nilimsaidia. Nilishika mkono wa Mpima. "Ni neno moja," nikamwambia. "Halimdhuru mtu. Angekuwa na nguvu za kufikiri siku zile labda angelisema kweli. Liseme wewe, twende zetu nyumbani kwa amani."

"Labda angelisema," akasema. "Labda angesema, 'Mpima, kaa mbali na mke wangu.' Sijui, nawe hujui."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako ndiyo maana sisemi." Sauti yake ilikuwa na ukali kidogo, sikuwahi kuusikia. "Nikikuoa kwa neno hilo, siku moja tutakuwa tumekaa, mvua inanyesha, utaniuliza alilisemaje. Alikuwa amelala au amekaa? Alikushika mkono? Nitakujibu nini? Nitatunga tena? Nataka unipe jibu lako wewe. Kama ni hapana kwa sababu ya Sista, nitalipokea hivyo hivyo."

Nilimwachia mkono. Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amenirudishia mzigo wangu, na mimi nilitaka marehemu anibebee.

Sista alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao juu ya kilima, mgongo kwetu, uso baharini. Aliposikia hatua zetu hakugeuka.

"Mpima," akaita. "Njoo hapa mbele nikuone."

Akaenda akasimama mbele yake. Breki nyuma yangu alinong'ona, "Sema, sema, sema," kama anamwombea dua.

"Mdogo wangu alikuambia umuoe huyu?"

"Hapana, Sista."

"Alikuambia umtunze?"

"Hapana."

"Alikuambia nini?"

"Nirudishe randa."

Sista alitikisa kichwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu akavuta pumzi ndefu.

"Nilikuwa pale," akasema. "Kila ulipoingia, nilikuwa pale. Nilikuwa nyuma ya pazia nikimpimia dawa. Kila neno alilokuambia nalijua. Ungenitajia la uongo hapa, ningekuzaba kofi mbele ya bahari yote hii, na mguu wangu usingekanyaga penye kivuli chako."

Breki alikohoa, akaenda kuwatazama ng'ombe.

Hapo nilijua kwamba zamu imefika yangu. Mpima alishasema lake, tena kwa gharama. Nikapita mbele, nikaketi benchini kando ya wifi yangu, bega kwa bega.

"Wifi," nikasema, "yeye amesubiri toka tulipokuja. Mimi ndiye sijasema. Jibu ninalo, na ninakuogopa wewe."

"Unaniogopa mimi? Mimi nakuogopa wewe!"

"Mimi tena?"

"Wewe, ndiyo." Aligeuka, na uso wake ulikuwa umevimba, umekuwa mdogo, sio wa Sista wa wodini kabisa. "Hebu niambie. Wifi ni nani? Si mke wa kaka yako? Sasa kaka hayupo. Mke akiolewa kwingine, mimi ni wifi wa nani? Nikija kwenu nitabisha hodi nijitambulishe vipi? Mtoto wa jirani akiuliza huyu mama ni nani, utamwambia nini? Ni dada wa yule wa zamani?" Alijipangusa pua na shali. "Mdogo wangu nimemzika. Kilichobaki kwake ni wewe. Na mimi mwenyewe, kwa ujuha wangu, nikamwita huyu bwana nikampa fimbo na Jumamosi zote."

Kumbe siku zote zile za kiwiko mbavuni, nilikuwa nafikiri ananilinda kwa ajili ya marehemu. Kumbe alikuwa ananishikilia. Nilimkumbatia, akakataa kidogo, kisha akaacha.

"Toka lini wewe ulibisha hodi kwangu?" nikamuuliza sikioni. "Una ufunguo. Unaingia, unafunua masufuria, ndipo unasalimia."

"Ni kwa sababu hujui kupika."

"Basi. Nani atafunua?"

Alicheka kwa pua, akalia tena kidogo. Mpima alikuwa bado amesimama pale pale, kofia kichwani, hajui akae au aondoke.

"Nikuulize kitu," nikamwambia Sista. "Mwanamke akitakiwa, mwanamume huenda kwao. Mimi kwetu ni wapi? Mama sina. Shangazi sina. Mtu huyu akitaka kuja kuniomba, aje kwa nani?"

Sista aliniangalia kwa muda mrefu, jicho hili, jicho lile, kama anavyomwangalia mgonjwa anayedai amepona. Upepo ulikuwa unavuta shali lake. Halafu nikaona mabega yake yanapanda, shingo inanyooka, na Sista akarudi mzima mzima.

"Wewe," akamwambia Mpima. "Vua kofia."

Mpima akavua.

"Unakuja kuomba mtu kwa watu, umevaa kofia na viatu vya misumari. Ndivyo ulivyofundishwa kwenu?"

"Hapana, Sista."

"Umekuja na nani? Wazee wako wako wapi?"

Mpima akageuka, akatazama huku na huku. Breki, akiona rafiki yake hana mtu, akaja mbio kutoka ukutani akasimama kando yake, akavua na yeye kofia.

"Na wewe unafanya nini huko?" Sista akamfokea. "Unasimama upande wao? Huyu aliyekaa hapa ni nani wako? Pita huku, huku kwetu!"

Breki akavuka, akaja kusimama nyuma ya benchi letu, akaweka mkono mzito begani kwangu. Mpima akabaki peke yake mbele yetu, kichwa wazi, na nilimhurumia, na nilimpenda mpaka nikaona aibu.

"Sema shida yako," Sista akamwambia.

"Nimekuja kumwomba," Mpima akasema. Alitaja tena jina langu. "Nimekuja kwenu, Sista, kumwomba. Nataka kumwoa. Nikikosea kumtunza, nitajibu kwako."

"Utajibu. Hilo usiwe na wasiwasi." Sista akakunja mikono. "Sisi watoto wetu hatuwalazimishi. Lazima tumuulize mwenyewe."

Alinishika kidevu, akanigeuzia uso wangu kwake, mikono yake ikinuka sabuni ya hospitali ambayo haiishi hata likizoni. Sauti yake ilikuwa imesimama.

"Mdogo wangu," akaniuliza, "huyu mtu unamtaka?"

"Namtaka, dada," nikasema.